Kasuku begani: jinsi ya kumzoesha akae mahali pake

Wafugaji wapya wa kasuku huniuliza maswali yale yale. Akishakaa begani hataki kushuka, nifanyeje? Nikimgusa ananiuma, nimekosea wapi? Mke wangu hawezi tena kuvaa hereni, kuna dawa? Kwa miaka nimekuwa nikijibu kwa mdomo, leo kipande hiki, kesho kile. Sasa nimeyaandika yote pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Ninayemzungumzia hapa zaidi ni kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu. Ndiye niliyemfuga kwa miaka 11, na ndiye anayeleta shida kubwa akiwa begani kwa sababu ya mdomo wake. Mwenye cherero au kasuku wadogo wengine anaweza kufuata hatua hizi hizi, ila afupishe vipindi vya mazoezi na apunguze ukubwa wa zawadi.

Kwa nini bega ni tatizo

Kasuku akiwa mkononi, unamwona. Kabla ya kuuma hutoa dalili: mboni za macho zinasinyaa na kupanuka haraka haraka, manyoya ya shingoni yanasimama, mkia unafunguka kama upepeo, anainamisha mwili mbele, pengine anakoroma kwa sauti ya chini. Ukiziona dalili hizo unaacha unachofanya na hakuna anayeumia. Akiwa begani huoni hata moja. Unachoona ni pembe ya manyoya, na ukigeuza kichwa umtazame vizuri umemletea jicho, pua na midomo yako mpaka kwenye mdomo wake.

Mwaka wa tatu wa kumfuga wangu nilisimama mlangoni naye begani, nikizungumza na muuza maziwa. Pikipiki ikapita, ekzosi ikalipuka. Kasuku alishtuka, akakibana kilichokuwa karibu. Kilikuwa ngozi ya chini ya jicho langu. Nilishonwa nyuzi 3. Hakuwa na chuki na mimi wala hakuwa mkali, na jioni ile ile alikuwa akiniita jina kama kawaida. Kosa lilikuwa langu, nilimweka mahali ambapo hofu yake ya sekunde moja ingeweza kunitoa jicho.

Kuna mengine pia. Ukiwa naye begani unamsahau, unafungua mlango na kutoka nje. Hata aliyepunguzwa mabawa anaweza kubebwa na upepo mpaka juu ya mwembe wa jirani. Au unaingia naye jikoni, kwenye mafuta yanayochemka na moshi wa mkaa. Vikaango vile visivyogandisha chakula vikipata moto kupita kiasi hutoa hewa inayoua ndege kwa dakika chache, na wewe hutasikia harufu yoyote ya kukutahadharisha. Kinyesi chake kikikauka na kuwa vumbi kinaweza kubeba homa ya kasuku, ambayo binadamu huipata kwa kuvuta hewa. Bega liko karibu sana na pua.

Ninamaliza nadharia kwa jambo moja, kwa sababu limepotosha wengi. Utaambiwa kasuku anapanda begani ili akutawale, na kwamba lazima umshushe chini ajue nani mkubwa. Usilifuate hilo. Kasuku ni ndege wa msituni, kutoka misitu ya Afrika Magharibi na Kongo mpaka Uganda na kipande cha magharibi ya Kenya. Mahali pa juu kwake ni usalama. Bega ni la juu, lina joto, halitikisiki kama kiganja, na liko karibu na sauti anayoipenda. Kazi yako ni kumpa mahali pengine panapomlipa kuliko hapo. Kumkataza peke yake hakutoshi.

Utakavyohitaji

Stendi moja, au mbili kama nyumba ina vyumba unavyokaa zaidi ya kimoja. Usinunue ya gharama. Fundi seremala anaweza kukutengenezea mguu wenye kitako kizito, juu yake ukafunga tawi la mpera. Mpera ni mgumu, hauna sumu kwa kasuku, na gome lake humpa kitu cha kutafuna. Tawi liwe na unene wa sentimita 3 hivi, lenye vifundo vyake vya asili. Lisugue kwa maji na sabuni, lisuuze, lianikwe juani mpaka likauke kabisa. Usitumie tawi la mparachichi. Urefu wa stendi ufike kifuani kwako: kwa kimo hicho yeye anajiona yuko juu na wewe unayaona macho yake bila kunyanyua shingo.

Kijiti cha kugusa. Mimi natumia kijiti cha mishikaki nilichokikata ncha kali na kukisugua kwa msasa.

Kijiti kinene cha mkononi, urefu wa futi moja na nusu hivi, unene kama ule wa tawi la stendi. Hiki ni cha kumpandishia siku ambayo hutaki kuuweka mkono wako karibu naye.

Zawadi. Chagua kitu kimoja anachokipenda kuliko vyote, kisha kiondoe kwenye bakuli lake la kila siku ili akipate wakati wa mazoezi tu. Wengi wanapenda mbegu za alizeti au vipande vya korosho isiyo na chumvi. Kipande kiwe kidogo, kama nusu ya mbegu ya alizeti, ili amalize kula baada ya sekunde chache mwendelee. Karanga zinafaa kama ni safi na una uhakika nazo, kwa sababu karanga zenye ukungu hubeba sumukuvu, na ini la kasuku haliistahimili. Parachichi, chokoleti, kahawa na vitu vya chumvi, kamwe.

Muda wa dakika 3 hadi 5, mara mbili au tatu kwa siku, kabla ya chakula chake cha asubuhi na cha jioni. Usimnyime chakula ili awe na njaa ya mazoezi. Ukipenda kuwa na uhakika, mpime kila wiki kwa mzani wa jikoni. Wengi waliokomaa huwa kati ya gramu 400 na 500 hivi, na ukiona uzito unashuka wiki hadi wiki simamisha mazoezi umwone daktari.

Na kibali. Kasuku wa kijivu yuko katika Kiambatisho cha Kwanza, orodha yenye ulinzi mkali kuliko zote, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, kwa sababu misitu mingi imemalizwa ndege hawa kwa ajili ya biashara ya watu kama sisi tunaopenda kuwafuga. Kenya kibali cha kumfuga hutolewa na KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Tanzania ulizia mamlaka ya wanyamapori. Kama hujanunua bado na muuzaji hana karatasi, usinunue. Pesa yako italipia mtego mwingine.

Leo hii yuko begani: mshushe hivi

Hutaweza kusubiri wiki tatu za mazoezi ili umshushe, kwa hiyo anza na hili.

Nyamaza. Usimgeuzie uso. Tembea polepole mpaka kwenye stendi, mgeuzie stendi mgongo, kisha kunja magoti kidogo mpaka tawi liwe juu kidogo ya miguu yake. Kasuku hukanyaga kwa urahisi kitu kilicho juu kuliko alipo, na kitu kilicho chini hukikataa. Huu ndio ufunguo wa kumshusha, na watu wengi wanashindwa kwa sababu wanaleta mkono chini ya kucha zake.

Akigoma, chukua kile kijiti kinene, kilete mbele yake kwa usawa wa tumbo la chini, juu tu ya miguu, ukisukume taratibu kumwelekea. Akipanda, mpeleke kwenye stendi.

Hapo usimpe zawadi papo hapo. Ukimpa, anajifunza mchezo: panda begani, shuka, lipwa, rudia. Msifu kwa neno moja, subiri kama sekunde 10, mwombe kitu kingine kidogo (kugusa kijiti, utakachomfundisha hapa chini), kisha umlipe kwa hicho.

Usimtikise. Usimpulizie usoni. Usimsukume kwa kiganja wala kumshika mkia. Usiiname mbele kwa ghafla ukitarajia ataanguka, kwa sababu atatembea mpaka katikati ya mgongo ambako mkono wako haufiki, na hapo ndipo nguo na ngozi vinapopata shida.

Hatua kwa hatua

1. Ifanye stendi iwe mahali pa watu. Iweke pale unapokaa kunywa chai, pale familia inapopiga soga, umbali wa hatua moja kutoka kwenye kiti chako. Ukiiweka kwenye kona ya ukumbi umempa kifungo. Tundika juu yake kitu cha kutafuna: kipande cha kifuu, kamba ya ukindu yenye vifundo, boksi dogo lenye mbegu mbili tatu ndani. Kwa siku mbili za kwanza usimdai chochote. Kila ukipita na kumkuta ametulia juu ya tawi, mwachie zawadi na uende zako.

2. Fundisha neno la alama. Mimi nasema "safi", kwa sauti ile ile kila mara, na sekunde hiyo hiyo natoa zawadi. Mara 15 au 20 kwa siku mbili zinatosha. Utajua ameelewa atakapokuwa anaangalia mkono wako punde tu anaposikia neno. Usilitumie neno hilo kwa mambo mengine wakati wa mazoezi, na usiseme "safi" bila kulipa.

3. Mfundishe kugusa kijiti. Sogeza ncha butu ya kijiti cha mishikaki sentimita 5 mbele ya mdomo wake. Kasuku ni mdadisi, atakigusa au atakishika. Akigusa tu, "safi", zawadi. Akikinyakua akakitafuna, usivutane naye. Acha akiachie, anza upya. Baada ya siku chache kisogeze kulia, kushoto, mwisho wa tawi, upande wa pili wa tawi, naye akifuate kwa miguu. Wengi wanairuka hatua hii wakiona ni mchezo wa watoto. Ni hatua ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu kuanzia hapa unaweza kumhamisha kasuku kutoka mahali popote kwenda popote bila kumgusa na bila ugomvi, na yeye anafurahia.

4. "Panda" na "shuka". Weka mkono mbele ya tumbo lake, kijiti cha kugusa kiwe upande wa pili wa mkono, ili akitaka kukifikia lazima akanyage mkono. Akikanyaga kwa miguu miwili, "safi". Ukishaona anapanda kwa hiari, tangulia kusema "panda" kabla ya kuleta mkono. "Shuka" ni hivyo hivyo kinyume chake: leta mkono karibu na tawi, tawi likiwa juu kidogo, "shuka", akihamia, mlipe akiwa juu ya tawi. Lipa "shuka" kwa wingi kuliko "panda". Watu hulipa kupanda tu, halafu wanashangaa ndege hataki kuwaacha.

5. Jifunze kuushika mkono wako. Hili ni somo la mwenye ndege, na nusu ya kazi iko hapa. Kiwiko kikae karibu na ubavu, mkono wa mbele uelekee mbele mbali na mwili, na kiganja kiwe juu kuliko kiwiko. Kasuku hupanda mlima. Kiwiko kikiwa juu, mkono wako wote umekuwa ngazi ya kwenda begani, na yeye hajakosea kuipanda. Simama mbele ya kioo bila ndege ujiangalie. Utashangaa jinsi kiganja kinavyoshuka chenyewe kadiri mkono unavyochoka. Ukichoka, mrudishe kwenye stendi. Usiendelee na mkono unaolegea.

6. Akianza kuupanda mkono, mzuie mapema. Usisubiri afike kwenye kiwiko. Hatua ya kwanza tu anapoielekeza kwako, leta mkono wa pili mbele ya kifua chake useme "panda". Akihamia, mkono wa kwanza uko huru. Akianza tena, rudia. Mara tatu nne kwa utulivu na atasimama. Akisimama mkononi akatulia kwa sekunde 5, "safi", zawadi. Kesho sekunde 10. Wiki ijayo dakika. Lile tulizo ndilo unalolinunua, kwa hiyo usisahau kulipa pale ambapo hakuna kinachotokea.

7. Fundisha "hapo". Kasuku akiwa kwenye stendi, sema "hapo", rudi nyuma nusu hatua, rudi mbele, mlipe. Kisha hatua moja. Kisha hatua tatu, kisha geuka mgongo, kisha kaa kwenye kiti, kisha toka chumbani kwa sekunde mbili. Akiondoka kwenye tawi kabla hujarudi, umekwenda mbali mno; punguza umbali mpaka alipofaulu mara ya mwisho uanzie hapo. Usiruke ngazi. Wangu alifika kukaa dakika 20 kwenye stendi nikiwa natembea tembea nyumbani, lakini kufika huko kulichukua karibu miezi miwili, maana alikuwa na mazoea ya bega ya miaka mitatu. Kasuku mchanga, ambaye macho yake bado hayajageuka kuwa ya manjano, anaweza kuelewa ndani ya wiki mbili tatu.

8. Kwa anayeruka. Kama mabawa yake ni mazima, atakuja hewani. Mtangulie: unapoona anajikusanya kuruka, nyoosha mkono mbali na mwili umwonyeshe mahali pa kutua, na akitua mkononi mlipe vizuri kuliko siku zote. Akilenga bega, sogea hatua moja pembeni kabla hajafika. Fanya hivyo pale tu penye stendi au mgongo wa kiti karibu anakoweza kutua. Usimkwepe kwenye chumba chenye feni ya dari inayozunguka, dirisha la kioo lisilo na pazia, au kikombe cha chai ya moto mezani. Feni izimwe kila anapokuwa nje ya tundu, hilo halina mjadala.

9. Watu wote wa nyumbani wafuate sheria moja. Mtu mmoja akiruhusu bega Jumapili, kazi ya wiki imekwenda, kwa sababu ndege anayelipwa mara moja moja bila kujua lini hung'ang'ania kuliko anayelipwa kila siku. Kaa na watoto, waonyeshe, wape wao kazi ya kutoa zawadi kwenye stendi. Watoto wadogo wasiachwe peke yao na kasuku hata kwa dakika moja. Mgeni akija akisema "niwekee begani nipige picha", jibu ni hapana.

Yanayoharibu kazi

Kupiga kelele. Unaposema "shuka wewe!" kwa sauti kubwa, kwa kasuku hiyo ni shangwe. Ndege anayeishi kwa sauti umemlipa kwa sauti.

Kumrudisha kwenye tundu kila anapopanda begani. Wengi hufanya hivi kama adhabu, na matokeo yake ni ndege anayelichukia tundu na anayeuma akiona unaelekea huko. Tundu ni nyumba yake na mahali pa kulala, asilihusishe na hasira yako.

Kufunika bega kwa taulo au kitambaa. Nguo inakingwa na uchafu, ndiyo, lakini umemtandikia mkeka. Akina mama wanaovaa ushungi wana shida ya peke yao: mkunjo wa kitambaa shingoni ni mahali pazuri pa kushikilia, na pini za mtandio ni kitu cha kung'aa cha kuchezea. Akiimeza pini ni upasuaji, kama daktari wa ndege yupo karibu. Ondoa pini, hereni za kuning'inia na mikufu kabla ya kumtoa nje ya tundu, angalau mpaka amalize mafunzo.

Kumpapasa mgongoni na chini ya mabawa. Kwa kasuku huo ni mguso wa mwenzi. Ndege anayepapaswa hivyo huanza kulitafuta giza la shingoni mwako kama tundu la kutagia, na atalilinda. Mkune kichwani na shingoni tu.

Kuharakisha. Kipindi kimoja kibaya cha nusu saa kinakurudisha nyuma kuliko siku mbili za kutofanya lolote. Malizia akiwa bado anataka.

Yakikwama

*Amezidi! Wiki ya pili anapanda begani mara nyingi kuliko mwanzo.* Hii ni kawaida na ni hapa watu wengi wanapokata tamaa. Kitu kilichokuwa kikimlipa kimeacha kulipa, kwa hiyo anajaribu kwa nguvu zaidi kabla ya kukiacha. Endelea vile vile kwa siku 5 hadi 7. Ukilegea katika siku hizo umemfundisha kwamba anayezidisha ndiye anayepata.

*Anapiga mayowe akiwa kwenye stendi.* Angalia kwanza kama ana kitu cha kufanya pale juu, na kama stendi haiko mbali mno nawe. Kisha usiende kwake anapopiga mayowe. Ngoja pumziko, hata la sekunde mbili, useme "safi" na uende. Ukitoka chumbani, mwitikie kwa mluzi mmoja uliouchagua. Kasuku msituni huitana hivyo kujua kundi liko wapi, na akipata jibu hutulia.

*Ananiuma nikimwambia "panda".* Rudi kwenye kijiti kinene kwa wiki nzima, mkono upumzike. Tazama pia wakati: anauma lini? Mara nyingi utakuta ni akiwa anakula, akiwa amesinzia, au juu ya tundu lake. Mwombe saa nyingine, kutoka mahali pengine.

*Anakiogopa kijiti.* Kiweke mezani umbali wa mita mbili, kikae hapo siku kadhaa. Kisogeze kidogo kila siku huku akila zawadi. Kama rangi ndiyo inamtisha, tafuta kijiti kinachofanana na miti anayoijua. Usimfuate nacho.

*Anashuka stendi, anatembea sakafuni, anapanda kwa suruali yangu.* Kasuku wa kijivu hutembea sana, na wengine hushambulia vidole vya miguu. Mchukue kwa kijiti kinene akiwa bado sakafuni, kabla ya kufika gotini, mrudishe juu. Chini ya tawi unaweza kufunga sahani ya bati ya mviringo, pana, ili asiweze kuteremka kwenye mguu wa stendi.

*Kwangu anatulia, kwa mgeni anaruka begani.* Mgeni hajui sheria. Kwa miezi ya mwanzo, mgeni akiingia kasuku awe tunduni na kitu cha kutafuna, atoke baada ya mgeni kukaa na wewe ukiwa kati yao.

*Ametulia miezi mingi, ghafla amerudi begani, anatapika chakula sikioni kwangu.* Ni msimu wa kutaka kuzaa, na wewe amekuchagua. Usimkaripie. Mpe saa 12 za giza na utulivu usiku, ondoa boksi na kila kona yenye giza anayoweza kuingia, punguza vyakula laini na vya moto, usimguse mgongoni. Rudia hatua ya 5 na ya 6 kama mnaanza. Itapita baada ya wiki kadhaa.

*Je, nitaweza kumruhusu begani siku moja?* Wapo wanaomruhusu kwa kumwalika: kwa neno maalumu, ndege anayeshuka mara ya kwanza anapoambiwa, nyumba tulivu, mlango umefungwa. Mimi baada ya zile nyuzi 3 nilichagua asipande kabisa, na sijaona kama tumepoteza kitu. Anakaa kwenye tawi lake ubavuni mwangu ninapokunywa chai ya jioni, namwona macho, naye ananiona.

*Ameacha kupokea zawadi aliyokuwa akiipigania.* Hapo sahau mazoezi. Kasuku huficha ugonjwa mpaka anapozidiwa. Ukiona amejivuna manyoya kutwa, mkia unapanda na kushuka kila anapopumua, kinyesi kimebadilika rangi au kimekuwa maji tupu, au analala chini ya tundu badala ya juu ya kijiti, mfunike tundu upande mmoja apate joto, mwachie maji karibu, na umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Chukua karatasi iliyokuwa chini ya tundu yenye kinyesi chake uende nayo, daktari ataiomba.